Wiski Ndani ya Mrashi

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimemkosea Saidi. Naliandika hilo kwanza, kabla sijaanza kujitetea.

Nimetoka kazini, nimefua shati jeupe la kaunta, nimelianika darini kama kila Jumamosi. Mikono inafanya, kichwa hakipo.

Jana hapa nyumbani ilikuwa hitima ya marehemu mume wa Bi Zuhura, mwenye nyumba wangu. Wanaume walijaa sebuleni mpaka barazani. Baada ya dua Saidi, mtoto wa dada yake Bi Zuhura, akapita na mrashi wa fedha kuwanyunyizia watu marashi, kama ilivyo desturi. Alianza na maalim. Akaja kwa Mzee Abdalla, baba wa msichana aliyemposa. Akamtia viganjani, akamtia kifuani kwenye kanzu. Mzee akapeleka mikono usoni. Akasimama.

Hayakuwa marashi. Ilikuwa wiski.

Wiski yangu.

Watu wote wakamgeukia Saidi. Zamani alikuwa mlevi, mtaa mzima wa Bondeni wajua. Akaacha, akarudi msikitini, akapata kazi duka la leso Biashara Street. Jana yote hayo yakafutika. Alitolewa barazani akishikwa mkono kama mwizi, kofia yake ikabaki chini. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia ya kahawa. Niliendelea kumimina kahawa.

Jumapili, 5 Oktoba

Sikwenda kanisani. Ningeomba nini.

Niandike ilivyokuwa. Nilipokuja kupanga chumba cha juu, Bi Zuhura aliniwekea sharti moja. "Mwakio mwanangu, dini yako ni yako. Lakini tembo nyumbani kwangu haliingii." Nikaitikia. Mtaita, mgeni, nimepewa chumba Mji wa Kale na watu wenye heshima zao. Ramadhani futari yangu hupanda ngazi kabla wanawe hawajapakuliwa.

Mwaka huu nahodha mmoja aliniachia chupa pale klabuni ninapohudumu baa. Wiski ya singo molti, isiyochanganywa. Sikuweza kuikataa. Chumba changu kiko chini ya mabati, na joto linaiharibu, inapungua hata kizibo kikiwa kimekazwa. Penye baridi nyumba hii ni chini ya ngazi, kuta nene za mawe, pale Bi Zuhura anapoweka mitungi na chupa za marashi. Nikachukua chupa yake tupu, ya kijani. Nikaiosha, nikamimina, nikaiweka nyuma ya nyingine. Nikajiona mjanja.

Ijumaa Saidi alikuwa na haraka na nyumba imejaa moshi wa udi. Pua hazikuwa na kazi. Akapapasa gizani chini ya ngazi, akachukua ya nyuma, akaimimina kwenye mrashi.

Jumanne, 7 Oktoba

Leo mteja kaniuliza hii singo molti ina nini hata watu waisifu hivyo. Nikamweleza kama nilivyofundishwa na Mzee Katana aliyeshika kaunta kabla yangu. Ni shayiri, maji na hamira, basi. Inatoka kiwanda kimoja, haichanganywi na ya mwingine, kwa hivyo haina pa kujificha. Kama mahali palipotengenezwa pana upepo wa bahari, utauonja. Kama pipa lilikuwa la mvinyo, utajua. Inalala ndani ya mbao miaka na miaka mpaka ukali wake uishe.

Ile yangu ilianza na moshi. Si wa kuni. Huko inakotengenezwa wanachimba udongo wa kinamasi, wanaukausha, wanauchoma kuikaushia shayiri. Kisha inakuja chumvi, kama kamba ya meli. Kisha dawa ya kidonda, ndiyo, ile ya zahanati. Wengi huishia hapo, wanakunja uso. Ukitia tone la maji ukangoja, utamu unatoka nyuma kabisa. Asali ya msituni.

Sijawahi kulewa nayo. Kidogo tu, Jumapili, dirishani, peke yangu. Nilikuwa naona kitu kinachotaka subira kiasi hiki hakiwezi kuwa kibaya.

Nilikuwa namweleza yule mteja vizuri. Sauti yangu ilinichukiza.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mzee Abdalla ametuma mtu. Ijumaa ya wiki ijayo, baada ya sala, atakuja kuketi barazani kwa Bi Zuhura na kuivunja posa mbele ya walewale waliokuwapo.

Bi Zuhura ameusugua mrashi kwa ndimu na jivu. Ameusugua tena. Ameufunga kwenye kitambaa na kuutia sandukuni. Hali chakula. Aliniuliza kama nanusa bado. Nikamwambia hapana, mama.

Ile chupa wameimwaga chooni. Nilisikia ikimwagwa. Nilisikitika kwa ajili ya wiski kwanza, kisha nikamkumbuka Saidi. Kwa mpangilio huo. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemwona Saidi mtaani Makadara, ndani ya mkahawa, anakula mbaazi kwa mahamri. Tangu siku ile analala kwa rafiki. Duka halijamfukuza, ila tajiri hamtumi tena kupeleka mizigo kwa wateja, anamkalisha nyuma akunje leso. Aliponiona alicheka. Akamwambia mwenye mkahawa anilindie chai isinyunyiziwe kitu.

Nikakaa. Nilikuja kumwambia. Wallahi, kama wasemavyo wao, nilikuja kumwambia.

Akaniuliza mimi, mtu wa baa, ile ilikuwa pombe gani. Yeye zamani alikuwa mtu wa mnazi na bia za moto, harufu ile hakuijua. Nikasema sijui, sikuinusa vizuri.

Akaanza kukwangua bakuli lililokwisha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Kaka Mwakio, ilinimwagikia mkononi. Watu wanapiga kelele, na mimi nataka kuulamba mkono. Nilitaka sana. Nikaufuta ukutani. Hiyo ndiyo siku niliyoshinda, na ndiyo siku wanayoniita mlevi. Nimwambie nani?"

Nililipa chai. Nikaenda zangu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimesema.

Asubuhi kabla ya kazi, jikoni, Bi Zuhura anakuna nazi. Nilisimama mlangoni nikasema yote, sharti, chupa, ngazi, sinia ya kahawa. Na kwamba niliulizwa na Saidi mwenyewe nikakana. Sikulia. Sikutaka anionee huruma.

Aliendelea kukuna mpaka nazi ikaisha, mbuzi ikawa inakwaruza kifuu kitupu. Nikamwambia nitahama leo. Nikamnyooshea ufunguo.

Hakuupokea. Alisema, "Mimi unanambia jikoni. Yeye alitolewa barazani." Kisha akasema, "Ufunguo kaa nao. Hutoki hapa hujasema."

Nilimwomba aseme yeye, ataaminiwa zaidi. Akanitazama kama mtu aliyeokota kitu asichokijua. Akarudi kwa nazi yake.

Kazini nilivunja bilauri mbili.

Jumatano, 15 Oktoba

Siku tulivu. Mvua kidogo asubuhi, kisha jua. Klabu haina watu.

Nimefuta rafu ya juu, chupa moja moja. Iko moja ndugu ya ile yangu. Nikaifungua kuisikia harufu tu. Moshi, chumvi, ileile. Bado naipenda. Nilidhani itanigeuka, haikunigeuka. Haikufanya kosa lolote. Nikaifunga.

Bi Zuhura hasemi nami. Jana alinituma dukani mkate tu, leo hakunituma kitu. Sijui kama baada ya Ijumaa nitakuwa na chumba hapa. Hilo si la kuamua mimi.

Kesho mchana nitakwenda dukani Biashara Street nimwambie Saidi uso kwa uso, asiwe wa kusikia pamoja na watu. Akinipiga, haki yake.

Na keshokutwa, Ijumaa, tarehe kumi na saba, nimeomba ruhusa kazini. Watu wakitoka msikitini nitakuwa nimeshafika barazani. Mzee Abdalla akiketi, kabla hajafungua kinywa, nitasimama mbele yake na mbele ya maalim na wale wote, niseme jina langu, niseme wiski ilikuwa yangu na niliificha mimi, na kwamba Saidi ilimmwagikia mkononi akaufuta ukutani.