Ampia Ishirini za Wangila

Soko la Ndalu,
Bungoma.
12 Septemba, 2004

Mpendwa dada Sellah,

Salamu nyingi kutoka huku. Mombasa hamjambo? Shemeji Dancan na mtoto Lorraine wako salama? Kile kifua chako kimepoa? Sisi tuna afya, mahindi yamekomaa na watoto hawalali njaa.

Uliniandikia nimwachie Mungu huyu Wangila. Nimemwachia, dada. Lakini nimemsaidia Mungu kidogo.

Si unakumbuka alivyonifanyia? Mume wangu Wepukhulu alizikwa Jumamosi. Jumatatu, kabla ukoo haujaketi kuulizana juu ya mali, ndugu yake huyu Wangila akabadilisha kufuli ya kibanda chetu cha kuchaji betri, na chaja ndani. Ati mwanamke hajui stima! Mimi niliyefundishwa na marehemu mwenyewe miaka mitano!

Basi Ndung'u wa Tuwan, kule Kitale, rafiki wa marehemu, akanipa chaja kuukuu. Nikaweka meza mkabala na Wangila. Chaja hiyo inatoa ampia nne tu, kwa hivyo betri ya gari, kama hizi watu wanazowashia runinga nyumbani, inakaa kwangu mpaka kesho yake. Wangila akawa anapiga kelele sokoni, "Kwa mjane betri inalala kama mgonjwa! Kwangu ni masaa mawili, bana!" Wateja wote wakanihama. Tukala mboga ya sukuma bila mafuta.

Lakini nilikuwa naona. Kile kidude cha ampia alikizungusha hadi mwisho, ishirini. Marehemu alinifundisha hivi: volti ni nguvu ya kusukuma, ampia ni wingi wa umeme unaoingia. Betri zetu ni za volti kumi na mbili. Ukiongeza ampia inajaa haraka, ndiyo. Ukizidisha inachemka, maji yake yanakauka na vyuma vya ndani vinapinda. Nilijua, nikaendelea kumenya njugu zangu.

Haikufika miezi miwili. Betri zikaanza kufa moja moja, runinga inazimika kabla habari hazijaisha. Siku ya soko watu wakajaa mlangoni kwake wakimwita mwizi. Dada, nilicheka nikashika mbavu! Wiki iliyofuata, hana tena mteja hata mmoja, akabeba chaja yangu kichwani, akapita nayo katikati ya soko, akaiweka mbele yangu pamoja na ufunguo. Nikamwambia aipanguse vumbi kwanza.

Sasa kuna jambo lililonifanya nishike kalamu. Kati ya zile betri ilikuwemo ya mama mkwe, ya redio na taa yake. Yeye ndiye alinishika mkono pale kaburini, wengine wakinitazama kama mchawi. Niliiona ikipelekwa kwa Wangila. Ningeita tu. Sikuita, kwa sababu nilitaka aharibu hata ya mamake, aone aibu vizuri.

Jana nikampelekea mama betri nyingine. Akaniuliza, "Nelima, ulijua?" Nikasema ndiyo. Akanirudishia betri, akaingia ndani, akafunga mlango.

Niambie, dada, nirudi kwa huyo mama na maneno gani. Juu ya Wangila usiniambie kitu. Huyo hata leo ningemwacha aunguze.

Nisalimie shemeji na Lorraine, na Peris jirani yako. Mungu awalinde mkilala na mkiamka.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Nelima