Mtani na Chupa za Filipo

Jumamosi, 7 Juni 2025

Filipo kaondoka! Chumba cha uani kimebaki na kitanda, ndoo mbili na harufu ya sabuni yake. Mfaransa wa mradi wa nyuki, alikuja kutufundisha ufugaji, akaishia kujifunza kula ugali kwa mlenda. Mpangaji mwenye adabu kuliko wote niliowahi kuwa nao hapa Kanyenye, Tabora. Nimelia stesheni. Kidogo tu.

Kaniachia katoni. Chupa sita za mvinyo wa kwao, alizorithi kwa baba yake! Zilikuwa uvunguni, zimelala ubavu kwenye sakafu ya baridi. Daktari kamkataza pombe, na kuzirudisha Ufaransa hataki. Kasema Mama Theo (Theodora lilimshinda, na Mama Julieth wanavyoniita wengine pia), wewe una ulimi, onja, linganisha, uniambie. Ulimi ninao kweli! Asali ya mji huu nusu yake imepita mdomoni mwangu. Nipe kijiko kimoja, nakwambia hii ya maua ya mti wa mtundu, hii ya muyombo, na hii mrinaji katia sukari—toka na ndoo yako.

Miaka imeandikwa kwenye lebo. Moja ya 1982! Mwaka huo nilikuwa msichana wa shule, miguu kama fito.

Aliyebeba katoni kutoka uani ni mzee Yoramu, stesheni masta mstaafu, jirani wa mtaa wa pili. Mgogo wa Hombolo. Yaani mtani wangu. Babu zangu Wanyamwezi walibeba mizigo ya watu kichwani mpaka pwani, na babu zake wakawangoja njiani Ugogo: toa hongo ndipo upite, kisima hakinywewi bure. Utani wetu wote umeanzia hapo, na haujaisha mpaka leo. Katua katoni, akanyoosha kiganja. “Mpagazi, mzigo umepita kwangu. Hongo iko wapi?” Nikamwambia glasi ya kwanza ya kila chupa ni yake, na ikimuua nitarithi redio. Akasema ukirithi redio urithi na mwenye redio, kwani wewe babu yako alikuweka rehani kwangu kwa debe la maji, mke wangu wewe.

Husema hivyo mbele za watu, sokoni, hata kanisani. Watani ndivyo tulivyo, hakuna wa kukasirika. Nimecheka mpaka nimesahau kulia.

Jumapili, 8 Juni

Aibu! Aibu kubwa!

Tumeanza na ya 1996. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha—chini kuna mashapo, meusi, mazito. Nikasema, imeganda. Asali ikiganda unafanyaje? Unaweka chupa kwenye sufuria ya maji ya moto, unangoja, inalainika. Mtoto yeyote wa Tabora anajua. Basi nikaiweka. Yoramu akasema kwao Hombolo, ambako kaka yake ana shamba la zabibu, hawachemshi mvinyo. Nikamwambia kwenu Hombolo mnajua nini.

Kizibo kikaanza kupanda chenyewe. Tukamimina. Mvuke! Ladha ya maji ya rozela yaliyosahauliwa jikoni. Wifi yangu Recheli, mdogo wa marehemu mume wangu, ninayeishi naye, mlokole wa kukesha, kapita na ndoo, kaangalia sufuria, kasema Mungu ana njia zake za kuwazuia watu.

Nikampigia Filipo. Kakohoa, kakohoa tena, nikadhani mtandao mbaya. Kumbe anajizuia kucheka. Kisha akaeleza kwa upole: yale mashapo ni uzee wa mvinyo tu, isimamishe chupa tangu jana yake, mimina taratibu, ile ya chini yenye mashapo iache. Kwa hiyo chupa ilikuwa imeota mvi, nami nikaitia maji ya moto!

Yoramu kainywa hongo yake yote. Ya moto vile vile. Kapangusa sharubu, kasema chai nzuri, imekosa maandazi. Mimi niliimwaga yangu. Yeye kwa nini kaimaliza?

Jumatano, 11 Juni

Leo ndiyo leo! Mbili kwa mpigo, ya 1985 na ya 1990, zimesimama tangu jana kabatini kama maharusi. Nimemimina kwa mkono wa mtu anayechuja asali. Hata tone la mashapo halikupita.

Kherunisa wa duka la viungo kaja. Hanywi, dini yake hairuhusu, lakini kasema kunusa hakuna aliyemkataza. Kakaa karibu na mlango, kavuta ya 1990: karafuu, kasema, na kiatu kipya. Kweli kabisa! Nami nikanusa ya 1985 na moja kwa moja nikawa Urambo, utotoni, nimesimama mlangoni mwa bani la kukaushia tumbaku siku ya kufungua, majani yamekauka rangi ya dhahabu. Tumbaku! Ndani ya zabibu! Nimepiga kelele mpaka Recheli akaanza kuimba pambio kwa sauti ili asitusikie.

Hukumu yangu: ya 1990 ina nguvu, inakushika shavu ndani, inajisifu. Ya 1985 imetulia. Unaimeza, unadhani imekwisha, halafu inarudi yenyewe polepole. Mimi nimeichagua ya 1985. Yoramu naye. Nikasema lazima wazee wachaguane. Akasema basi nichague na mimi, mpagazi, nimetulia zaidi ya hiyo. Tukacheka. Akaniangalia kidogo baada ya kicheko kwisha.

Alipoondoka Kherunisa akabaki anafunga mtandio wake. “Mama Julieth, mtani gani huyo ananyoa ndevu kila akija?”

Nikamwambia Wagogo wote ni watanashati. Akasema haya.

Nimeangalia uso wangu kwenye kioo cha kabati leo. Miaka hamsini na minane. Mjane. Mashavu mekundu! Ni mvinyo tu huo.

Jumamosi, 14 Juni

Ya 1988 imekufa. Siki, na harufu ya mkeka uliolowa. Recheli kafurahi. Katia kwenye kachumbari, na kachumbari imekuwa tamu ajabu, kala sahani mbili. Sijamwambia.

Yoramu kadai hongo hata ya siki. Nimempa. Kakunja uso, kaimeza, kasema kwa mkono wako hata sumu. Nikamjibu vizuri, nikamwita fisi wa Hombolo, mambo yetu ya kawaida. Lakini moyo ulikuwa unadunda kama kinu cha jirani.

Jumamosi, 21 Juni

Sijawahi. Sijawahi kuonja kitu kama hiki!

Chupa ya rangi ya dhahabu, ya 1989. Nimeitia ulimini nikasimama wima. Asali! Asali ya muyombo ya mwaka mzuri, na ganda la chungwa, na kitu kingine nyuma, kama moshi wa mrinaji kwa mbali. Nikasema hawa Wafaransa wezi, wametia asali. Naapa, nusu kikombe. Ulimi wangu haudanganywi.

Yoramu akasema hapana, hakuna asali. Ni zabibu zilizoachwa kwenye mzabibu mpaka zikaota ukungu, zikasinyaa, zikabaki na sukari tupu. Ndizo wanazokamua. Kaka yake aliwahi kumweleza.

Nilicheka! Nilicheka mpaka nikashika meza. Ukungu! Mgogo wewe, zabibu zilizooza ndizo zinazotoa hii? Nenda kamdanganye mtoto. Akasema safari hii sitanii, Mama Julieth. Nikazidi kucheka. Akasema tena, polepole, sitanii. Akanywa, akaaga, akaenda. Mapema.

Recheli kaja na kipande cha chapati, kachovya kwenye glasi yangu “kuangalia rangi”. Kachovya tena. Kasema hii si pombe, ni juisi iliyokomaa. Chapati nzima imeisha hivyo! Halafu kaimba pambio, lakini la furaha.

Jioni nikamtumia Filipo ujumbe wa sauti. Kajibu: ni kweli kabisa, Mama Theo, ni ukungu, hakuna asali hata tone. Nani kakwambia?

Nani kaniambia!

Jumapili, 22 Juni

Sijasikia hata neno la mahubiri. Nawaza jambo moja tu. Kasema sitanii, na kweli hakuwa anatania. Na mimi nikamcheka usoni.

Sasa yale mengine je? Mke wangu, nichague mimi, hata sumu kwa mkono wako? Miaka mingapi ananiambia, miaka mingapi naitika kwa matusi! Kwa mtu mwingine ningejua. Kwa mtani utajuaje? Lugha ni ile ile moja, ya mzaha na ya kweli. Nikimuuliza na ikawa ni mzaha, nitakuwa kichekesho cha Tabora mpaka Kigoma, Wagogo watanisimulia kwenye treni. Nisipouliza—yeye ni mgane wa miaka sitini na ushee, mimi sipungui umri. Namtaka. Haya, nimeandika. Namtaka mzee Yoramu, na sharubu zake!

Nacheka peke yangu. Recheli kauliza kuna nini. Nikasema gesi.

Alhamisi, 26 Juni

Nimefanya. Ee Mungu wangu, nimefanya!

Kapita na baiskeli, mimi natandaza masega uani. Akaanza kama kawaida, mke wangu hujambo. Nikasema, nikiwa nimeangalia masega: kila siku mke wangu, mke wangu, kama una ubavu leta watu Jumapili. Kaka yangu Ngassa atakuwepo kutoka Nzega. Na chupa ya mwisho ipo.

Nilitia sauti ya utani. Makusudi, ili niwe na pa kutorokea. Nikangoja ajibu tusi.

Kavua kofia. Kasema Jumapili saa ngapi?

Saa tisa, nikasema. Akapanda baiskeli, akakosea njia, akarudi, akapita tena mbele yangu bila kuniangalia!

Jumapili, 29 Juni

Naandika jikoni, daftari juu ya ndoo ya asali. Wako sebuleni. Wote!

Kaja saa tisa kamili, stesheni masta ni stesheni masta. Suti. Dada yake mkubwa katoka Hombolo kwa treni, na mzee wa kanisa lao. Hakuna mbukwenyi ya salamu za kwao, hakuna mpagazi, hakuna hongo. Kampa Ngassa shikamoo! Ngassa kamzidi mwaka mmoja tu. Chupa ya 1982 iko mezani, nimeifungua mwenyewe, harufu imejaa chumba kizima, hakuna aliyeigusa.

Mimi nikawekwa chumbani kama mwali, na Recheli mlangoni. Nikasikia mzee wa kanisa anasema wameona ua katika nyumba hii. Ua! Nikajiziba mdomo kwa kanga. Halafu nikaitwa.

Ngassa kauliza, kwa desturi, kwa sauti ya baba yetu kabisa: “Theodora, hawa wageni wamesema wana shida. Huyu bwana unamjua?”

Na huu ulimi wangu. Huu ulimi ninaojisifia! Miaka yote ukisikia Mgogo una jibu lake. Nikamwangalia, akaniangalia, na likatoka lenyewe:

“Huyu? Simjui. Mla hongo tu kapotea njia.”

Ngassa akacheka. Recheli akacheka. Hata mzee wa kanisa. Dada yake Yoramu hakucheka. Kwao na kwetu, mwanamke akisema simjui, mambo yamekwisha, wageni wanaaga. Yoramu alikuwa ametabasamu nusu, halafu tabasamu likakosa pa kukaa. Akatazama kofia yake.

Nikasema ngoja nilete glasi. Glasi zipo mezani! Nikakimbilia huku.

Namsikia dada yake anafunga kanga. Ngassa anasema tulieni kwanza, dada yangu ana mdomo, nitauliza mara ya pili, lakini sitauliza ya tatu. Kiti kimoja kimesogea. Sijui cha nani.

Neno moja tu. Namjua. Namjua. Nimelisema mara kumi hapa mbele ya sufuria na kila nikilisema nacheka, machozi yanatoka na bado nacheka, siwezi kujizuia! Nikiingia hivi watasema natania tena. Uso uko wapi wa mtu asiyetania? Sijawahi kumwonyesha.

Recheli kaja mlangoni. Wifi, kasema, Mzee Yoramu kasimama. Nimefuta macho, nimeng'ata ulimi, naenda, naenda, bado nache—