Ushauri wa Kiingereza ndani ya duara

Alhamisi, Nyamongo. Mvua imekatika saa nne, jua likajitokeza bila hata kuomba radhi. Nina matope mpaka masikioni.

Shajara, kwenye duara letu, shimo letu la dhahabu, msomi ni mimi. Wachimbaji wote hawa, nani mwingine anajua "you should", "why don't you" na "if I were you"? Na niliacha shule kidato cha pili! Alinifundisha Bhoke, kwenye kibanda cha maandazi cha mama yake, kabla hajaenda Mugumu kusomea uuguzi. Alisema ukimshauri mtu kwa Kiingereza humwamrishi. Unamwachia mlango wa kukataa.

Mlango huo umenisumbua siku nzima.

Chini ya shimo hatuna milango. Ukiona udongo unadondoka unapiga kelele neno moja, "Toka!", hata kama aliye chini ni baba mkwe. Leo asubuhi nikaona changarawe zinamwagikia kichwa cha Marwa, mwenzangu ninayemshikia kamba. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia kwa sauti ya mwalimu, "If I were you, I would come up."

"We Mwita, ongea kama mtu!" Anacheka, anaendelea kugonga mwamba.

Ndipo nikapiga kelele. Amepanda na mguu umechubuka wote, viatu vimebaki kwenye kifusi. Jamaa wameninyima uji, wananiita "tichaa". Ni haki yao. Nimecheka nao, kisha nimejitenga nikuandikie.

Maana nimekumbuka.

Siku Bhoke alipopata barua ya chuo aliniuliza, "Sasa Mwita, unanishauri nini?" Akaniangalia sana. Nami nikajitutumua: "If I were you, I would go." Akasema nimepatia. Kisha akainama, akaendelea kukanda unga.

Ukweli, sikuwa na ushauri wowote. Nilikuwa na hamu naye hata kabla hajaondoka.

Nisingemzuia. Ana kichwa kuliko ukoo wetu mzima. Lakini angeondoka akijua.

Nimeandika meseji tatu, zote zimeanza na "why don't you". Nimezifuta. Ya nne imekwenda:

"Bhoke, nimekukumbuka. Jumapili nakuja Mugumu. Huu si ushauri."

Sasa natafuta viatu vya kuazima. Vyangu nimempa Marwa.