Ndengu za Susu na Madirisha ya Kijani

Alhamisi, mwezi wa nane. Baridi kavu, mawingu tangu asubuhi.

Nimechoka, na safari hii mabega hayana makosa. Leo nimefukuzwa kazi mtaani Komarock, hapa Nairobi, kwa sababu ya ndengu.

Mimi ni kontrakta wa kurekebisha nyumba. Jina kubwa hilo. Ukweli ni mimi, fundi wangu Oloo, ngazi na ndoo. Mteja wetu ni Mama Mutheu. Jumamosi wakwe wanamletea binti yake, Mutheu, ntheo, wale mbuzi ambao bila wao Wakamba hawamhesabu msichana kuwa ameolewa. Mbuzi wameshachaguliwa soko la Kiamaiko, hema limekodiwa, na Mama Mutheu akaona hawezi kupokea wageni kwenye nyumba yenye madirisha yanayobambuka.

Madirisha yenyewe ni ya chuma, yamepakwa rangi ya mafuta ya kijani tangu nyumba ilipokuwa mpya. Rangi nyingi za wakati huo zilikuwa na madini ya risasi. Siku hizi sheria inakataza, na kopo jipya unalinunua kwa amani. Lakini ile iliyopakwa zamani bado iko pale pale. Ukiikwangua kavu inakuwa vumbi, vumbi linaingia mwilini mwa mtoto na kumharibia akili polepole, bila hata homa ya kukushtua. Na Mama Mutheu ana mjukuu, Mwende, mtoto wa Mutheu, anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni.

Kwa hivyo nafanya kama nilivyofundishwa. Natandika nailoni, nalowesha dirisha, nakwangua rangi ikiwa na maji, kisha nakunja nailoni na uchafu wake ndani. Ni kazi ya polepole na wateja hawaipendi. Wanaona msasa ukikimbia kwa jirani, wanauliza mbona mimi naogesha madirisha. Hakuna anayekuja kunikagua. Nikifanya ovyo hakuna atakayejua, nikifanya vizuri naitwa mvivu. Nimelalamika mara nyingi hadi Oloo akiona nafungua mdomo anawasha redio.

Jana jioni tulikunja nailoni na maganda ya rangi, tukaifunga kwa kamba, tukaiweka nyuma ya tangi la maji. Nikamwambia Mama Mutheu isiguswe, leo ningekuja na gunia la kuibebea. Akaitikia huku anaongea na simu.

Baadaye wageni wakafika kutoka Makueni. Susu, yaani nyanya, mama yake Mama Mutheu, alikuja na ndengu, zile choroko za kijani, za shamba lake kwa ajili ya sherehe. Na sisi watu wa Eastlands nailoni pana, nzima, hatuiachi ikae bure. Asubuhi nilipofika, kina mama walikuwa wameikung'uta, wakaipangusa, wakaitandaza uani na kumwaga ndengu juu yake wazichambue.

Mwende alikuwa amekaa katikati.

Nilitupa begi chini. Nikamtia kidole mdomoni, akalia, nikatoa ndengu na ganda la rangi. Kijani. Juu ya ile nailoni usingejua kipi ni chakula na kipi ni dirisha.

Hapo nikaongea vibaya. Nilipaswa kumwita Mama Mutheu kando. Badala yake nilisema mbele ya dada zake na majirani kwamba chakula hicho kina sumu, kimwagwe. Neno sumu, na wakwe wanakuja keshokutwa!

"Ati sumu? Kwangu?" Mama Mutheu akanijia juu. "Nilikuita upake rangi, si uniharibie jina. Hizo ndengu zitaoshwa na zitaiva. Wewe kusanya vitu zako uende."

Nikamweleza kuwa sijui kama kuosha kunatosha, na kuchemsha hakuondoi madini. Hakunisikia. Alikuwa tayari anampigia fundi mwingine, naye akaahidi kuja na grainda, mashine ya kusaga rangi kavu, amalize leo leo.

"Boss, twende tu," Oloo akaninong'oneza. "Hapa tushachoma."

Susu ndiye sikumtarajia. Ndengu hizo alizipanda, akazipalilia, akazipura. Alichota mkono mmoja, akazisogeza karibu na macho, akaanza kutenga maganda kwa vidole vyake vilivyopinda. Kisha akaniuliza kama huyo mwingine atatumia maji. Nikamwambia hapana. Akaomba dada mmoja amsaidie kukunja nailoni, ndengu zote ndani, akaketi kando ya furushi hilo na kulia. Nilikuwa nakusanya vyombo, nikasimama pale na skrepa ya kukwangulia mkononi, nikijiona mchawi.

Nilimwomba Mutheu ampeleke mtoto hospitali apimwe damu. Akasema tutaona baada ya Jumamosi. Sikuwa na nguvu ya kubishana, na hilo linaniuma kuliko kufukuzwa.

Jioni nilirudi kuchukua ngazi. Grainda ilikuwa inanguruma, vumbi la kijani linatoka madirishani, na ndani watu wanapanga viti. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kibanda cha mboga, Susu alikuwa amekaa na Mwende mgongoni. Muuza mboga aliniambia yeye ndiye alimsaidia kufunga leso, na kwamba wako hapo tangu mashine iwashwe. Mama Mutheu amekuja kumwita mara kadhaa, amekataa kuondoka.

"Siingii," Susu aliniambia kabla sijamsalimu. "Lakini mashine ikinyamaza, hilo vumbi tutafagia na nini?"

Nikamwambia asiruhusu ufagio kabisa. Ni kitambaa chenye maji, ndoo ya sabuni na ndoo ya kusuuza, kila dirisha, kila mahali mtoto anapotambaa, na kitambaa kikamuliwe vizuri kila mara. Alirudia maneno yangu taratibu, kama mtu anayeyaweka mahali. Halafu akaitazama mikono yake. Akanionyesha vidole, akajaribu kukunja ngumi, haikufunga.

"Wengine ndani wanakucheka," akasema. "Mimi sikucheki, lakini siwezi kukamua."

Nimefika nyumbani sina hamu ya kula. Oloo amenipigia kuniambia kuna kazi mtaa wa Fedha, ukuta mpya, rangi mpya, hakuna wa kubishana naye. Nimemwambia aanze bila mimi. Ndoo mbili nimeshaziweka mlangoni, na vitambaa vyote vilivyo safi. Kesho asubuhi naenda Komarock kukamua. Sijaitwa, na chai sitegemei.