Vibuyu Vilivyonong'ona

Chebet mjukuu wangu,

Usicheke nikikuita hivyo. Nyanyako ni dada yangu, ingawa nimekuzidi miaka michache tu. Anakusalimu, mvua imefika huku Ndanai.

Umeuliza kama ukimya wako huko chuoni ni ugonjwa. Mimi pia nilimaliza chuo cha sanaa bila rafiki. Kwenye maonyesho ya mwisho nilitundika vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Ukifungua kifuniko, sauti yangu niliyoirekodi ilinong'ona ndani, na ilibidi uinamishe sikio. Watu walipita wakicheka, "Maziwa iko wapi?" Nikatamani kuvitoa.

Nyanyako peke yake alisikiliza hadi mwisho, kisha akanong'ona ndani ya kibuyu.

"Umesema nini?"

"Si ulitaka niiname? Sasa inama pia wewe."

Niliinama, sikusikia kitu. Lakini nilimwona akikifunga polepole, kama mtu asiyetaka maziwa yamwagike.

Nyanya yako mdogo,
Chelangat