Rozmari Iliyofungwa kwa Uzi wa Nyavu

Mpendwa Mama,

Leo asubuhi nimepogoa rozmari yako, na mikono bado inanukia. Harufu hiyo ikinishika, niko tena nyumbani kwetu Kaloleni, katikati ya miaka ya themanini, nimechuchumaa mlangoni nikikutazama ukikata vichipukizi kwa mkasi wako wa kushonea. Mkasi huohuo mimi nikiugusa nilikula makofi.

Ulipewa kitawi na mama mmoja wa Milimani uliyemshonea nguo. Bonsai uliiona kwenye picha ya gazeti kuukuu, mti mzee umeinama ndani ya sahani, ukasema, "Hata mimi nitaweza." Waya wa kuinamishia matawi hukuwa nao. Ukachukua uzi wa nyavu na vijiwe vya kuzamishia wavu, ukavuta kila tawi chini polepole, maana rozmari ikilazimishwa huvunjika. Baba alicheka, akauliza kama unategea samaki barazani.

Dani, mama yake Baba, hakucheka. Alikuja kutoka Katito akakuta mti umefungwa nyuzi na mawe mlangoni kwa mwanawe, na mwanawe ana mtoto mmoja tu. Basi, kwake yeye mambo yalikuwa wazi. "Min Akinyi, hiki ndicho kimefunga tumbo lako," alikuambia, akikuita mama yangu kwa jina langu, nami nimesimama palepale. Akaapa kwamba mtoto mwingine asipokuja, atamtafutia Baba mke wa pili.

Mimi ningerusha maneno. Wewe ulimletea kiti. Alifungua kila fundo akiomba, kisha akaumwagia mti maji ya maombi asubuhi na jioni, wiki nzima, mpaka udongo ukawa tope. Rozmari haipendi maji mengi, majani yakapukutika. Alipoondoka ulimwaga tope lile, ukaweka mchanga na kokoto, ukaniambia, "Tungoje."

Tukangoja. Mti ulichipua upande mmoja. Mtoto hakuja.

Mwaka uliofuata Dani alirudi. Mlikuwa mnachambua dagaa wa omena, mimi nikichungulia mlangoni bila nyinyi kujua, akakuuliza, "Sasa tufanyeje?" Hukuinua hata macho. "Mama, huyu mmoja ananitosha. Kama mwanao hatosheki, aniambie mwenyewe."

Baba alikuwa nyuma ya gazeti lake. "Mimi nimetosheka," akasema, akafunua ukurasa.

Dani aliweka omena kando. Kisha akanawa mikono, akauvuta mti karibu. "Uzi uko wapi? Mafundo yako yalikuwa mabaya, yanateleza." Pole hakusema. Aliketi akalifunga tawi la chini mwenyewe, kwa fundo la wavu alilofundishwa na mama yake, na wewe ukamshikia kijiwe.

Mama, wakati ule nilikuwa nimeanza kujiona mimi ndiye upungufu wa nyumba yetu. Maneno yako yale yamenilea kuliko ugali. Kila niliposikia watu wakinihurumia kwa kuwa peke yangu, niliyashika, nikatembea wima. Sikuwahi kukushukuru ukiwa hai, kwa sababu hukujua kama nilisikia. Nilisikia. Asante sana, Mama.

Miaka ya tisini sasa inaisha, na mti uko kwangu. Uzi tuliutoa zamani, maana ukiachwa hula ganda. Tawi la chini bado limeinama vilevile mlivyoliinamisha nyinyi wawili.

Pumzika. Mti nautunza.

Ni mimi, mtoto wako,
yule mmoja.