Mkwe Wangu Alinipa Mgongo

Kambi ya Juu,
S.L.P. 31,
Kericho.
14 Septemba 1969

Mpendwa kaka Ondieki,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako Kebaso na nyumba yake yote. Hali yako huko Tabora ikoje? Ule mguu ulioumia kazini relini umepona, au baridi bado inauamsha? Shemeji Mellen na watoto je? Sisi hapa ni wazima. Mvua ni nyingi na chai inachipuka kuwashinda wachumaji. Drusilla anakohoa kidogo tu, na blanketi ulilomtumia lilifika, asante.

Sasa kaka, kaa chini, maana naandika nikiwa nimejaa aibu.

Mwaka huu Meneja aliamua shamba letu liwe na bendi ya zile zumari za Waskoti, zile za mfuko wa ngozi unaobanwa kwapani. Mzungu aliyeondoka alikuwa ameziacha stoo. Wakatafuta watu wenye kifua. Mimi, karani wa mizani mwenye mvi, kwa kuwa naongoza kwaya kanisani, nikainua mkono kabla ya wote. Kupenda sifa tu. Nafika mazoezini, mwalimu ni nani? Kepher, mume wa Bochaberi wangu! Alijifunza jeshini, na ndiyo kwanza alikuwa ameandikwa hapa dereva wa trekta.

Unajua sisi tulivyolelewa. Baba akimwona mkwewe anakuja, alivaa koti kwanza hata jua likichoma. Leo mimi nisimame mbele ya mkwe wangu mashavu yamevimba, macho yamenitoka, mate yanatiririka kidevuni, na mfuko unatoa sauti ambayo siwezi kuiandika? Nilipuliza mara moja. Kepher akaangalia viatu vyake, mimi nikaangalia paa, wenzetu wakacheka mpaka wakakaa chini. Nikaenda nyumbani.

Kuacha nako nilishindwa. Jina langu lilishafika kwa Meneja, na kusema kweli zumari yenyewe ilishanipendeza. Ndipo Bochaberi akatupatia njia. Jioni nilipuliza nyuma ya nyumba yangu, Kepher akasikiliza upande wa pili wa ua wa miti, na binti yetu, na tumbo lake hilo kubwa, akapita katikati akileta maneno.

"Baba, anasema usibane mfuko na hasira. Pumzi kwanza, halafu kiwiko."

Drusilla naye hakunihurumia. "Baba Bochaberi, ng'ombe ya Kiplangat imekataa kukamuliwa tena!"

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa mwalimu nisiyemwona. Mazoezi ya bendi nzima niliyakwepa, nikisingizia kazi ya mizani. Mwezi wa nane wimbo mmoja ulitoka mzima, bila mfuko kulia kama kondoo.

Ijumaa ya juma lililopita kiwanda kipya kilifunguliwa. Wageni wengine walitoka mbali, hata Nairobi. Tuliingia kwa mistari, Kepher mbele, nami namwona kisogo tu, nikapuliza bila wasiwasi. Kumbe bendi hizi zikifika uwanjani husimama duara, kila mtu akitazama ndani ili amwone kiongozi. Hilo ua halikunifundisha. Duara likajifunga, Kepher akawa ananielekea, na mashavu yangu yalikuwa yamejaa tayari. Nilitamani ardhi inimeze.

Kaka, Kepher aligeuka. Akatupa mgongo sote, akawatazama wageni, akapiga hivyo mpaka mwisho. Wenzetu kwa kutoona vidole vyake wakapotea, wimbo ukaisha vipande vipande. Wageni wakacheka. Meneja akamfokea palepale: "Wewe kichwa yako iko wapi? Hata kusimama hujui?"

"Pole, bwana. Nimesahau," Kepher akajibu.

Siku hiyohiyo akanyang'anywa uongozi, na pamoja nao ile nyumba ya mawe aliyokuwa ameahidiwa. Bochaberi anakaribia kujifungua, na chumba chao kinavuja.

Na mimi nilinyamaza. Mzee mzima, mfuko kwapani, nikaacha mtoto wa watu aitwe mjinga kwa sababu ya mashavu yangu. Tangu hapo sipiti karibu na gereji ya matrekta. Aibu ya kwanza ilikuwa heshima, kaka. Hii ya sasa ni woga mtupu, na inaniuma hata nikila.

Jana Bochaberi alikuja. Nilijua ameleta malalamiko. Akakaa jikoni na mama yake, akanywa chai, ndipo akanipa maneno ya mumewe.

"Anasema siku ile ulipiga vizuri, Baba. Kidole cha mwisho tu ndicho kinachelewa."

Kesho asubuhi, kabla ya mizani, nakwenda kwa Meneja. Nitamweleza kwa nini Kepher aligeuka, hata ikibidi nivimbishe mashavu yangu mle ofisini ndipo aelewe. Uongozi na nyumba virudi kwa mwenyewe. Niombee nisirudie mlangoni. Halafu jioni nitakwenda nyuma ya nyumba kukinyoosha kile kidole, na najua nani atakuwa upande wa pili wa ua.

Nisalimie shemeji Mellen, na Bosire mwambie asome kwa bidii. Drusilla na Bochaberi wanakusalimu sana. Mungu aulinde mguu wako na akurudishe nyumbani salama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kebaso